Jirani Anapodhulumiwa, Raia Aandike

Ipo kauli inayosikika mara kwa mara barazani, na wakati mwingine hata ndani ya ofisi za umma, kwamba yanayotendeka katika nchi jirani ni ya wenyewe. Kwa mujibu wa kauli hiyo, raia wa Unguja au Pemba anayeketi kumwandikia kiongozi wake barua juu ya watu waliofungwa au waliotoweka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika anajitia katika jambo lisilomhusu. Kauli hii huvaa nguo ya busara, na wenye kuisema huiita adabu ya ujirani. Sisi twaona kuwa ni kauli ya makosa, na kwamba ikiachwa bila ya kujibiwa itatuzoesha kunyamaza mbele ya dhulma huku tukidhani kuwa tunatunza heshima ya nchi.

Tuchukue mfano ulio wazi, nao ni wa Burundi. Mwezi wa Aprili 2015 chama kinachotawala nchi hiyo kilimteua Rais Pierre Nkurunziza agombee kipindi cha tatu. Wapinzani wake walisema kuwa jambo hilo linavunja Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000. Wafuasi wake walisema halivunji. Watu waliingia mitaani mjini Bujumbura, na tarehe 13 Mei wanajeshi wakajaribu kuipindua Serikali wakashindwa. Yaliyofuata ni mauaji, ukamataji wa ovyo na watu kutoweka. Tume ya Uchunguzi iliyoundwa na Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa ilitoa taarifa yake Septemba 2017, ikasema kwamba ipo misingi ya kuamini kuwa tangu Aprili 2015 kumetendeka uhalifu dhidi ya ubinadamu, yakiwemo mauaji, mateso na ukatili wa kijinsia. Serikali ya Burundi iliikataa taarifa hiyo, na msomaji muadilifu yafaa alijue hilo pia.

Je, mambo hayo yalibaki kuwa ya wenyewe? Mwezi wa Mei 2015 wakimbizi kwa maelfu walirundikana katika kijiji kidogo cha Kagunga, mkoani Kigoma, milima ikiwa nyuma yao na ziwa mbele yao. Kipindupindu kikazuka. Meli kongwe ya Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwachukua wagonjwa, wazee na watoto hadi Kigoma mjini, na kutoka hapo wakapelekwa kambini Nyarugusu, na baadaye Nduta na Mtendeli. Ilipofika mwaka 2017, Warundi zaidi ya 400,000 walikuwa wameikimbia nchi yao, na zaidi ya nusu yao walikuwa wamepokewa na Tanzania. Dhulma ya jirani haikukaa kwa jirani. Ilivuka mpaka ikaja kuomba maji, dawa na mahali pa kulala.

Wala uhusiano wetu na nchi hiyo haukuanza mwaka 2015. Ni Mwalimu Julius Nyerere aliyekuwa msuluhishi wa Warundi mpaka alipofariki Oktoba 1999, kisha Mzee Nelson Mandela akaishika kazi hiyo, na mapatano yakatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Mwaka 2016 Mzee Benjamin Mkapa naye alipewa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kazi ya kuwakutanisha Warundi. Na kwa watu wa Visiwani, ambao huenda wakadhani kuwa Burundi ni mbali, yafaa tukumbushe kwamba mjini Bujumbura upo mtaa wa Buyenzi ambao lugha yake ya nyumbani, tangu zamani, ni hiki hiki Kiswahili. Yawezekanaje basi nchi yetu iwe mpatanishi wa ugomvi huo, mashamba yetu yawe kambi za waliokimbia ugomvi huo, na raia wetu wawe hawana ruhusa ya kuuliza neno juu yake?

Wanaopinga hurejea kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Kanuni hiyo ni ya kweli na ina historia ya heshima. Iliandikwa katika Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1963, wakati nchi changa zilipohitaji kinga dhidi ya wakubwa wa dunia waliozoea kuzipindua serikali za wanyonge. Lakini kinga ile ile iligeuzwa kuwa pazia. Mwaka 1975 Umoja huo ulifanya mkutano wake wa wakuu mjini Kampala, na Idi Amin akawa mwenyekiti wake, hali ya kuwa habari za mauaji ya Waganda zilikwisha kuenea kila mahali. Tanzania ilikataa kuhudhuria, kama zilivyokataa Zambia na Botswana. Hoja ya Tanzania ilikuwa nyepesi kufahamika: kuwaua watu hakuwi halali kwa sababu tu muuaji ni Mwafrika mwenzao. Wakati ule walikuwapo waliosema kuwa Tanzania inavunja adabu. Leo ni nani anayethubutu kusema kuwa ilikosea?

Bara lenyewe limekwisha kusogea. Sheria iliyounda Umoja wa Afrika, iliyopitishwa Lomé mwaka 2000, bado inaikataza nchi moja kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, lakini inaupa Umoja wenyewe haki ya kuingilia kati panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya halaiki au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika Ibara yake ya 6, unazifunga nchi wanachama kuheshimu utawala wa sheria na haki za binadamu. Burundi iliingia katika Jumuiya mwaka 2007, ikaukubali Mkataba huo kwa hiari yake, kama sisi tulivyoukubali. Waandishi wa habari wa Burundi wenyewe waliutumia. Chama chao kilipeleka mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, malalamiko juu ya sheria ya magazeti ya mwaka 2013, na tarehe 15 Mei 2015 Mahakama hiyo ikaamua kuwa baadhi ya vifungu vyake vinakwenda kinyume cha Mkataba. Mtu anayekukumbusha ahadi uliyoitia saini pamoja naye hakuingilii nyumbani kwako.

Juu ya hayo, tusichanganye mambo mawili. Serikali inapopeleka askari au fedha ili kuigeuza nchi nyingine, hapo imeingilia. Raia wa Chake Chake anapomwandikia mbunge wake barua, barua hiyo haina jeshi nyuma yake. Anazungumza na kiongozi wake mwenyewe, aliyemchagua kwa kura yake, akimwomba atumie sauti ya Tanzania katika vikao ambavyo Tanzania ina kiti. Hilo ni jambo la ndani kabisa ya nchi yetu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 9, inazielekeza mamlaka zote kuhakikisha kuwa utu wa binadamu unaheshimiwa kwa kufuata kanuni za Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu, na Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni. Ahadi ya kwanza ya mwanachama, tuliyoirithi kutoka TANU, ni ya udugu wa binadamu wote na umoja wa Afrika. Ahadi hiyo haikuwekewa mpaka wa Mutukula wala wa Manyovu.

Yapo mengine ya kufikiri. Mwezi wa Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Walikuwa ndani ya nchi, na barua yao ilikuwa na majina yao. Tarehe 16 ya mwezi huo huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Tujifunze hapa tofauti iliyopo kati ya aliye ndani ya moto na aliye nje. Kwa aliye ndani, barua yaweza kumgharimu roho yake. Kwa aliye nje, inamgharimu karatasi, stempu na nusu saa ya jioni. Ikiwa wale wa ndani waliandika kwa gharama ile, sisi tutatoa udhuru gani kwa kutoandika kwa gharama hii?

Tunajua kwamba swali litakalofuata ni hili: barua zinafaa nini? Watawala si watu wa kutishwa na karatasi. Tutazame tena Burundi. Germain Rukuki, mtetezi wa haki za binadamu, alikamatwa Bujumbura tarehe 13 Julai 2017. Aprili 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka 32. Mwishoni mwa mwaka 2020 shirika la Amnesty International lilimweka miongoni mwa watu ambao dunia nzima iliombwa kuandika barua kwa ajili yao, na barua na maombi yakamiminika kwa malaki kutoka nchi nyingi. Juni 2021 mahakama ya rufaa ilipunguza kifungo chake hadi mwaka mmoja, na kwa kuwa alikwisha kukaa ndani karibu miaka minne, akatoka mwezi huo huo. Hatusemi kwamba barua peke yake ndizo zilizofungua mlango wa gereza. Burundi ilikuwa imepata Rais mpya, Evariste Ndayishimiye, mwaka 2020, mawakili walikuwa wameifanya kazi yao, na zipo serikali za nje zilizokuwa zikizungumza na Gitega. Lakini barua zilifanya lile ambalo barua huweza kulifanya: zilimzuia mfungwa asisahaulike. Mfungwa asiyetajwa na mtu ni rahisi kumpoteza. Yule ambaye jina lake linafika mezani kila wiki, kila mwenye mamlaka juu yake anajua kwamba ipo siku ataulizwa habari zake.

Sasa tuseme juu ya namna ya kuandika, kwa maana nia njema isiyokuwa na elimu huharibu kazi. Wazee wetu walisema kuwa waraka ni nusu ya kuonana. Basi tuandike kama tunaoonana na tunayemwandikia uso kwa uso.

Kwanza, tumjue tunayemwandikia. Mambo ya nchi za nje ni mambo ya Muungano. Barua juu ya Burundi ikipelekwa kwa Mwakilishi wa jimbo haitapotea, lakini haikufika penye mamlaka. Mbunge wa jimbo ndiye awezaye kumwuliza swali Waziri wa Mambo ya Nje ndani ya Bunge, Dodoma. Wapo pia wabunge watano wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi kutoka miongoni mwa wajumbe wake, nao wana haki hiyo hiyo. Kisha wapo wabunge tisa wanaoiwakilisha Tanzania katika Bunge la Afrika Mashariki, Arusha, ambao wananchi wengi hawajui hata majina yao. Hao ndio wanaokaa ukumbi mmoja na wabunge wa Burundi. Ni nani wa kuandikiwa zaidi kuliko wao?

Pili, tuandike lililo hakika. Sisi tuliosoma chuoni tunajua kuwa aya ndefu kuliko zote katika Kur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni, muda wake na mashahidi wake. Ikiwa deni la pishi chache za mchele linastahili uangalifu huo, je, roho ya mtu? Barua itaje jina la aliyedhulumiwa ikiwa jina hilo limekwisha kutangazwa. Itaje tarehe, mahali, na nani aliyeripoti. Jina la mkimbizi aliyekueleza habari zake faraghani lisiandikwe bila ya idhini yake, maana ndugu zake huenda wangali huko. La uvumi liachwe. Neno moja la uwongo likipatikana ndani ya barua, lile la kweli nalo hutupwa.

Tatu, tusitukane. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, unamruhusu mtu binafsi kupeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika iliyoko Banjul, nchini Gambia. Ibara ya 56 ya Mkataba huo imeweka masharti: mwenye kuandika ajitambulishe, hata kama ataomba jina lake lifichwe, asitumie lugha ya matusi wala ya kudharau nchi inayohusika, na asitegemee habari za magazeti na redio peke yake. Hayo yaliandikwa na wanasheria wa bara zima, lakini bibi yeyote wa Pemba angeliweza kumfundisha mjukuu wake vivyo hivyo. Barua isiyo na jina huitwa fitina, na barua ya matusi humpa mkosaji nafasi ya kulalamika yeye. Aidha, tusiwatukane Warundi. Tunalolilalamikia ni tendo, wala si kabila, wala si taifa.

Nne, tuombe jambo moja linalowezekana. Kumwambia mbunge akomeshe dhulma Burundi ni kumpa mzigo asioweza kuubeba, naye atauweka chini. Bali akiombwa amwulize Waziri kama Serikali imetaka maelezo juu ya mtu fulani aliyekamatwa tarehe fulani, au ahimize kwamba hakuna mkimbizi atakayerudishwa kwao bila ya hiari yake, hapo anajua la kufanya, na sisi tutajua kama amelifanya.

Lipo pingamizi moja ambalo ni zito kuliko mengine yote, nasi hatutaki kulikwepa. Wapo wasemao: tusafishe kwetu kwanza. Nani sisi wa kuwanyooshea wenzetu kidole? Jibu letu ni kwamba watu wa Visiwani, kuliko watu wengi, wanajua thamani ya barua iliyoandikwa na mgeni. Januari 2001, katika maandamano yaliyofuata uchaguzi wa mwaka 2000, wananchi waliuawa Unguja na Pemba. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu waliokufa kuwa 31, na mashirika ya nje yalitaja idadi iliyo kubwa zaidi. Watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwa mashua hadi Shimoni, katika pwani ya Kenya. Wakati ule sisi ndio tuliokuwa jirani anayeandikiwa barua. Mashirika ya haki za binadamu na serikali za nje ziliuliza, zikaandika, zikauliza tena. Wako miongoni mwetu walioudhika na kusema kuwa mambo ya Zanzibar ni ya wenyewe. Lakini waliokuwa Shimoni hawakusema hivyo. Na tarehe 10 Oktoba 2001 vyama vya CCM na CUF vikatia saini Muafaka, kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa ni kwamba macho ya watu yalikuwa yametuelekea.

Basi kuwa na doa hakumnyimi mtu haki ya kusema kweli, bali kunamfundisha kuisema kwa unyenyekevu. Anayeandika juu ya Burundi akubali kwamba Mrundi naye anaweza kuandika juu yetu, na barua hiyo isomwe hapa kwa heshima ile ile. Tukikataa hilo, tutakuwa hatutetei haki. Tutakuwa tunachagua maadui.

Neno letu la mwisho ni kwa viongozi na watendaji wa Serikali. Cheo ni dhamana, na barua ya mwananchi ni sehemu ya dhamana hiyo. Kwanza, barua ijibiwe. Hata jibu la mistari mitatu, kwamba imepokewa na imepelekwa mahali fulani, linamfanya mwananchi ajue kuwa anayo Serikali. Pili, sheha au ofisa asimwone mwandishi wa barua kuwa ni mchochezi. Mchochezi hujificha, huyu ametia jina lake, mtaa wake na tarehe. Mtu wa namna hii ni wa kulindwa, kwa kuwa ndiye anayeiamini Serikali kiasi cha kuiandikia. Siku atakapoacha kuandika haitakuwa kwamba ameridhika, bali atakuwa amekata tamaa, na kimya cha namna hiyo kina mshindo mkuu. Tatu, wabunge wetu wa Afrika Mashariki warudi Visiwani mara kwa mara waeleze yaliyosemwa Arusha juu ya jirani zetu, na nani aliyeyasema.

Hatumtaki kila mtu awe mwanadiplomasia. Tunataka mwalimu wa Mkoani, mvuvi wa Nungwi ajuaye kuandika, karani wa Darajani na kijana wa sekondari wajue kuwa wanayo kalamu, wanaye mbunge, na wanaye jirani. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Lakini kabla ya kutia maji zako, mwulize mwenye wembe ni nani aliyempa ruhusa. Swali hilo likiulizwa na mtu mmoja, litawekwa kando. Likiulizwa na watu mia, kwa majina yao na kwa maneno ya adabu, litapangiwa siku ya kujibiwa Bungeni. Yupo mtu gerezani anayeingoja siku hiyo.